Asili ya Superman katika riwaya za picha

Asili ya Superman ni simulizi inayoeleza jinsi mtoto Kal-El alivyorushwa kwa roketi kutoka sayari ya Krypton iliyokuwa inaangamia, akatua duniani na kulelewa na wakulima wa Marekani kwa jina la Clark Kent. Simulizi hiyo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1938. Tangu mwaka 1986 kampuni ya DC Comics imeitoa upya mara kadhaa, kwa kawaida katika matoleo ya katuni ambayo baadaye hukusanywa kuwa kitabu kimoja, yaani riwaya ya picha.

Katika matoleo mengi mambo makuu ni yaleyale: sayari inayoangamia, roketi, wazazi walezi, na kijana anayehamia jiji la Metropolis kufanya kazi ya uandishi wa habari. Kinachobadilika zaidi ni jibu la swali moja: je, Superman ni mgeni anayeishi kati ya binadamu, au ni mtu wa duniani aliyetoka kwingine?

Simulizi ya kwanza

Superman alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster. Wote wawili walitoka katika familia za Wayahudi waliohamia Amerika Kaskazini kutoka Ulaya. Mhusika wao alionekana mara ya kwanza katika toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938.

Katika toleo hilo asili yake ilielezwa kwa ukurasa mmoja tu. Jina la Krypton halikutajwa, na mtoto aliokotwa na dereva aliyekuwa akipita, kisha akapelekwa kwenye kituo cha watoto yatima. Jina la sayari na majina ya wazazi wake wa kwanza yalijulikana mwaka 1939 katika katuni za magazetini. Mwaka huohuo, katika toleo la kwanza la Superman, familia ya Kent iliingizwa katika simulizi. Mji wa Smallville ulipata jina lake miaka kumi baadaye.

Sababu za kuandikwa upya

Kwa kuwa visa vya Superman vilitolewa kila mwezi kwa miaka mingi na waandishi tofauti, habari nyingi zilirundikana na nyingine zikapingana. Katika miaka ya 1985 na 1986 DC Comics ilitoa mfululizo wa Crisis on Infinite Earths, ambao ulifuta sehemu kubwa ya historia ya wahusika wake ili waweze kuanza upya. Superman alihitaji simulizi mpya ya asili, na tangu hapo kila kizazi cha waandishi kimejaribu kutoa ya kwake.

The Man of Steel (1986)

Mfululizo huu wa matoleo sita uliandikwa na kuchorwa na John Byrne, aliyezaliwa Uingereza na kukulia Kanada. Katika kazi yake Krypton ni sayari baridi, yenye watu wasiogusana wala kuoneshana upendo. Kal-El anatumwa akiwa bado hajazaliwa, ndani ya chombo kilichofanya kazi ya tumbo la uzazi. Kwa hiyo anazaliwa duniani, katika ardhi ya Marekani.

Byrne aliwaacha hai Jonathan na Martha Kent hadi utu uzima wa mtoto wao, ingawa katika simulizi za zamani walikuwa wamekufa. Naye Lex Luthor, ambaye awali alikuwa mwanasayansi mwovu, akawa tajiri mwenye makampuni. Clark anapofahamu alikotoka, anaheshimu urithi huo lakini anaamua kwamba dunia ndiyo nyumbani kwake.

Superman for All Seasons (1998)

Kazi hii ya mwandishi Jeph Loeb na mchoraji Tim Sale ina sehemu nne, moja kwa kila msimu wa mwaka. Kila sehemu inasimuliwa na mtu mwingine: Jonathan Kent, Lois Lane, Lex Luthor na Lana Lang. Superman mwenyewe si msimulizi. Msomaji anamjua kupitia macho ya wale wanaompenda na yule anayemchukia.

Red Son (2003)

Red Son ya mwandishi Mark Millar haihesabiwi katika historia rasmi ya mhusika. Inauliza ingekuwaje kama roketi ingetua Ukraine wakati wa Umoja wa Kisovyeti badala ya Marekani. Mtoto ni yuleyule na nguvu zake ni zilezile, lakini anakulia katika shamba la ushirika na kuwa mtumishi wa dola ya Kikomunisti. Kitabu hiki kinaonesha kwamba tabia ya Superman haitokani na Krypton pekee, bali pia na watu waliomlea.

Superman: Birthright (2003–2004)

Mwandishi Mark Waid na mchoraji Leinil Francis Yu walitoa matoleo 12. Sehemu ya mwanzo ya simulizi yao inatokea Afrika Magharibi, ambako Clark ni mwandishi wa habari kijana anayefuatilia mapambano ya jamii ndogo inayodai haki zake. Anaona jinsi watu wa jamii hiyo wanavyojivunia mavazi na alama zao, na hapo anapata wazo la kuvaa alama ya watu wake.

Hapa Krypton si jambo la kuonewa haya tena. Herufi S kifuani ni alama ya Krypton yenye maana ya tumaini. Luthor naye anatumia ugeni wa Superman kama silaha: anatunga uvamizi wa uongo wa watu wa Krypton ili wananchi wamwogope na kumkataa.

Secret Origin na Earth One

Superman: Secret Origin (2009–2010) ya Geoff Johns na Gary Frank ilirudisha mambo ambayo Byrne aliyaondoa, kama vile utoto wenye matukio ya kishujaa na urafiki na vijana wa zama zijazo, Legion of Super-Heroes. Frank alimchora Superman kwa sura inayofanana na ya mwigizaji Christopher Reeve.

Superman: Earth One (2010) ya J. Michael Straczynski na Shane Davis ilitolewa moja kwa moja kama kitabu. Clark ni kijana mpweke aliyefiwa na baba mlezi. Ana uwezo wa kupata kazi yoyote yenye mshahara mkubwa, na hataki kujulikana. Anajitokeza pale tu adui wa Krypton anapoishambulia dunia akimtafuta yeye.

Superman Smashes the Klan (2019–2020)

Mwandishi Gene Luen Yang, mtoto wa wahamiaji wenye asili ya Kichina, alitumia kisa cha mchezo wa redio wa mwaka 1946 ambamo Superman anapambana na kundi la wabaguzi wa rangi. Michoro ni ya Gurihiru, kundi la wachoraji kutoka Japani. Familia ya Lee inahamia mtaa mpya na kuchomewa msalaba mbele ya nyumba. Wakati huohuo Superman anaogopa kutumia nguvu zake zote, kwa kuwa zingemfanya aonekane si binadamu. Anajikubali baada ya kukutana na msichana Roberta Lee, anayeijua hofu hiyo. Kitabu kilipata tuzo mbili za Eisner mwaka 2021.

Haki za wabunifu

Siegel na Shuster waliuza haki za mhusika wao mwaka 1938 kwa dola 130. Walidai haki hizo mahakamani bila mafanikio, na kwa miaka mingi majina yao hayakuandikwa katika visa vya Superman. Mwaka 1975, baada ya malalamiko ya hadharani, kampuni mmiliki ilikubali kuwalipa pensheni ya kila mwaka na kurudisha majina yao. Ndiyo maana simulizi zote zilizotajwa hapo juu zinawataja kuwa wabunifu wa Superman.