Bei ya Maji Ugenini

Mtu akirudi kutoka Uarabuni tunamwuliza habari za dhahabu. Tunataka kujua majengo ya kule yana ghorofa ngapi, mshahara unaingia tarehe ngapi, na tiketi ya ndege kalipa nani. Sijapata kumsikia mtu pale kijiweni akiuliza: bwana, kule maji ya kunywa mnapata wapi, na kwa bei gani? Hata katika hadithi tunazoandika sisi vijana mambo ni yale yale. Mhusika anapanda ndege ukurasa wa kumi, ukurasa wa ishirini ana suti na simu mpya, ukurasa wa thelathini ametapeliwa. Katika safari yote hiyo hajapata kiu hata mara moja.

Mimi nataka kusimulia habari za maji hayo, na sababu ninayo. Kaka yangu ni mlinzi, anaishi nje kidogo ya jiji la Abu Dhabi. Mwaka jana alipunguza pesa anazomtumia mama, na alipoulizwa akataja kitanda anachokodi, chakula, na maji. Hilo la maji lilizua kizaazaa. Baba yetu mdogo aliangua kicheko cha dharau. "Maji! Nchi ina mafuta ya kumwaga, halafu yeye ati ananunua maji? Huyo kapata mwanamke tu." Mama hakucheka. Alinyamaza, na nyumbani kwetu ukimya wa mama ni mzito kuliko matusi. Mimi niliyeishia kidato cha nne sina pesa za kumtetea kaka, lakini kusoma najua. Basi nikaanza kusoma.

Hapana budi nianzie Kuwait. Kaka hayuko huko, lakini ni katika Ghuba hiyo hiyo, na habari za maji ya mji ule zimeandikwa vizuri. Tena watu wake waliijua sana pwani yetu. Kila mwaka upepo wa kaskazi ulipovuma, majahazi ya Kuwait yalishuka na tende hadi Lamu, Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji. Kusi ilipoanza yalirudi na shehena ya boriti za mikoko. Kati ya mwaka 1938 na 1939, Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda jahazi moja la namna hiyo huko Aden, akafika nalo Rufiji, kisha akarudi nalo hadi Kuwait, na safari hiyo akaiandikia kitabu. Nyumba za zamani za Kuwait ziliezekwa kwa boriti kutoka kwetu. Kwa hiyo dari tunajua lilitoka wapi. Je, maji ya kwenye mtungi chini ya dari hilo?

Mji wa Kuwait uko ukingoni mwa jangwa na hauna mto. Visima vilikuwepo, lakini vya kina kifupi, na kadiri watu walivyoongezeka ndivyo maji yalivyozidi kuwa ya chumvichumvi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenyeji wakaanza kuyafuata maji kwa majahazi. Waliweka matangi ya mbao ndani ya vyombo vyao, wakatweka tanga kuelekea Shatt al-Arab, huko Iraki, ambako mito ya Tigris na Euphrates huungana na kuteremka baharini. Walijaza maji ya mto, wakageuza, wakarudi. Upepo ukigoma, mji mzima unakaa na kiu yake unasubiri.

Sasa, ndugu msomaji, tembea na hayo maji uone. Nahodha na mabaharia wake lazima walipwe. Jahazi likifika pwani, wanakuja wenye punda na viriba vya ngozi. Wengine hawana hata punda. Hao waliitwa kandari, na walibeba madebe mawili kwa mzegazega, debe moja kila upande wa mti uliolala begani, wakapita vichochoroni wakigonga milango. Wengi wa wabebaji hao walikuwa wageni waliovuka kutoka pwani ya Uajemi kutafuta riziki. Kila mkono uliogusa maji uliacha alama yake katika bei. Mtoni maji ni ya bure kabisa, lakini yakifika mlangoni yameshakuwa mali.

Mwaka 1939 iliundwa kampuni ya kuleta maji, ili kazi hiyo isiachiwe kila nahodha peke yake. Miaka saba baadaye, mwaka 1946, shehena ya kwanza ya mafuta ya Kuwait ikauzwa nje, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 1951 kampuni ya mafuta ilianza kupeleka mjini maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Mwaka 1953 serikali ikafungua mtambo wake pale Shuwaikh, wenye uwezo wa galoni milioni moja kwa siku. Kanuni yake ni ile ile ya sufuria jikoni: unachemsha maji ya bahari, mvuke unapanda, chumvi inabaki chini, na mvuke ukipoa unakuwa maji matamu. Tofauti ni kwamba sufuria hii inataka moto mkubwa usiozimika, na moto huo ni mafuta na gesi. Mwaka 1960 yakagunduliwa pia maji matamu chini ya ardhi, huko Rawdatain, kaskazini ya nchi. Kandari wakapotea mitaani, na majahazi ya maji yakakosa kazi.

Ukiishia hapo utadhani kwamba maji yalikuwa ghali, kisha yakawa rahisi. La hasha. Kuchemsha bahari ni gharama kubwa mno. Kilichobadilika ni mlipaji. Serikali yenye mafuta iliamua kubeba sehemu kubwa ya bei, ili mwenye bomba asiione. Na gharama hiyo si ya fedha tu. Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mafuta mengi yalimwagwa baharini upande wa Kuwait, yakaelea kuelekea kusini, na Saudi Arabia ikalazimika kupigana usiku na mchana kuyazuia yasiingie katika mitambo yake ya maji. Nchi inayokunywa bahari haiwezi kuvumilia bahari ikichafuka hata wiki moja.

Wala uamuzi wa mtawala kubeba gharama haukuanza na mafuta. Tunao mfano wa karibu. Unguja Mjini katika karne ya 19 ulikuwa mji wa watu waliotoka mbali: Waomani, Wahindi, Wangazija, Wamanyema. Maji ya visima vya mjini yalikuwa mabaya, na ya kunywa yalibebwa kichwani, mara nyingi na wanawake watumwa. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akaleta maji kwa mfereji na mabomba kutoka Chemchem mpaka mjini, na watu wakachota bila kulipa. Yaani tajiri na hamali, mwenyeji na aliyeshuka jana kutoka jahazini, wote walikinga chombo kwenye maji yale yale.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo baba mdogo hakuliona. Maji yana safari mbili. Ya kwanza ni ndefu: kutoka mtoni, chemchemini au baharini hadi mjini. Ya pili ni fupi: kutoka bombani au kisimani hadi kwenye kikombe. Safari ndefu hulipwa na wakubwa, na huandikwa katika historia. Safari fupi hulipwa na mnywaji mwenyewe, na ndiyo inayomkamua.

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakipima maji yanayotumika majumbani, na mwaka 1972 wakatoa kitabu kiitwacho Drawers of Water, yaani wachota maji. Walionyesha kwamba mtu anayenunua kwa mchuuzi hulipa zaidi, kwa kila lita, kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba. Watafiti wengine walipopita sehemu zile zile miaka 30 baadaye walikuta hata wenye mabomba mjini wanatumia maji machache kuliko zamani, kwa kuwa mabomba mengi yalikuwa yamekauka, na wachuuzi wameongezeka. Mwenye mkokoteni wa madumu pale mtaani kwetu hajasoma kitabu hicho, lakini somo lake analijua vizuri. Sisi tulio mbali na bomba ndio tunaomlisha.

Turudi sasa kwa kaka. Abu Dhabi, kwa miaka mingi, raia hawakulipia maji ya bomba. Waliolipa ni wageni. Mwaka 2015 bei mpya zikatangazwa. Kwa mara ya kwanza raia wakaanza kulipa, dirham 1.70 kwa lita 1000 katika vyumba vya ghorofa, kwa wasiopita kiwango kilichowekwa. Mgeni anayekaa chumba kama hicho akapangiwa dirham 5.95. Bei hizo zimebadilishwa baadaye, lakini mgeni aliendelea kulipa zaidi ya mara tatu ya mwenyeji.

Hata hivyo, bei hiyo siyo iliyomla kaka. Dirham sita kwa lita 1000 ni bei ndogo. Linalomla ni tangi. Jengo analolala lina tangi juu ya paa, na jua la kule halina huruma. Ukifungua bomba saa saba mchana unaweza kutia majani ya chai moja kwa moja. Maji yanayotoka mtamboni ni safi, lakini tangi lile halijaoshwa kwa muda ambao hakuna mpangaji anayeukumbuka, na maji yake yananuka kutu. Wamelalamika kwa mwenye jengo, akawaambia anayetaka kuhama mlango uko wazi. Basi chumba kizima, wanaume wanane, wananunua zile chupa kubwa za lita 19 zinazopandishwa ngazi na kijana wa Kibengali. Begani, kama kandari.

Chupa moja dirham 12. Kaka humaliza saba kwa mwezi, za kunywa, za chai na za wali. Hizo ni dirham 84, karibu shilingi elfu sitini za kwetu, kwa lita 133. Lita hizo 133 zingetoka bombani kwa bei ile ya mgeni zisingefika hata dirham moja. Ukigawanya vizuri utaona kwamba lita moja ya chupa inamgharimu zaidi ya mara mia ya lita moja ya bomba. Bahari imechemshwa, chumvi imetolewa, maji yamesafiri kwenye mabomba jangwani, na gharama yote hiyo haifiki ile ya kutoka mlango wa jengo hadi ghorofa ya nne.

Hesabu hiyo niliiandika kwenye karatasi, nikamsomea mama baba mdogo akiwepo. Baba mdogo akasema hesabu za kwenye karatasi hazina shahidi. Mama akaniuliza swali moja tu: "Na hilo dumu letu la mia tano, ukilipeleka kwenye hesabu hiyo, tunaibiwa mara ngapi?" Sikuwa na kalamu tena mkononi, ila nilijua kwamba ameshaelewa. Mtu aliyenunua maji kwa dumu maisha yake yote hahitaji kufundishwa kwamba kiu ina mfanyabiashara wake.

Baba mdogo ana kosa moja, na ni kosa la wengi: anadhani utajiri wa nchi unamfikia kila aliye ndani yake. Historia ya Ghuba inakataa. Wakati wa majahazi, mgeni alikuwa ndiye mbeba maji. Wakati wa mafuta, mgeni amekuwa mbeba maji na mnunuzi pia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe kaka amepewa, na analilima usiku kucha getini. Kikombe cha maji cha zile siku mbili ndicho hakupata kukiona.

Kwenu wenzangu mnaojaribu kuandika, nina ombi. Mkimpeleka mhusika wenu ng'ambo, msimnyime kiu. Mpeni chumba chenye watu wanane na chupa moja pembeni, na juu ya chupa alama ya kalamu inayoonyesha nani kanywa mpaka wapi. Andikeni pia barua anayotuma nyumbani akieleza kwa nini mwezi huu pesa imepungua, na jinsi anavyoliacha neno maji mwisho wa orodha kwa sababu anajua hawatamwamini. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Lita 19 ni kitu kidogo kwa aliye mbali. Kwa anayeinywa, ni siku nne za mwezi, na siku ya tano lazima atoe dirham nyingine 12.