Kabla Hujamlaumu Prodyuza, Ijue Historia ya DLL

Kuna maprodyuza wa Mbeya na Iringa hatuwataji majina hapa, wenyewe wanajijua. Msanii analipia biti, anaingiza sauti, anaambiwa arudi wiki ijayo kuchukua ngoma yake. Akirudi anakuta kompyuta "imepigwa Windows" upya. Kazi ipo na inafunguka vizuri tu, ila kinanda hakilii, besi haipo, na sauti yake imebaki peke yake kama anaimba bafuni. Mtaani wanasema jamaa kazingua. Mara nyingi kosa ni la faili moja dogo lenye jina linaloishia na herufi tatu: dll.

Turudi 1995. Windows 95 ilipotoka Agosti mwaka huo, iliweza kuendesha kompyuta yenye RAM ya MB 4 tu. Picha moja ya simu yako leo inaweza kuijaza yote! Kwa uhaba ule, programu zililazimika kula sahani moja: kazi zinazohitajika na wengi ziliwekwa kwenye maktaba ya pamoja, yaani DLL, kila programu ikawa inachota humo.

Sasa si unajua mambo ya sahani moja. Programu mpya inaingia na DLL yake ya zamani, inaifunika ile iliyopo, kesho programu nyingine haiwaki. Ukiamua kuifuta, Windows inakuuliza: faili hili ni la pamoja, niliondoe? Nani anajua, bana! Ukikubali unaua programu ya jirani, ukikataa takataka zinabaki. Waandishi wa programu waliibatiza hali hiyo jehanamu ya DLL. Windows 2000 ikaanza kulinda mafaili yake muhimu, na XP ya 2001 ikaruhusu matoleo tofauti ya maktaba moja kukaa pamoja.

Muziki nao ulikuwa umeshaingia humohumo. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilileta VST, na kwenye Windows plagini ya VST ilikuwa ni DLL. Mwaka uliofuata ikaja FruityLoops kutoka Ubelgiji, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio. Na hapa ndipo wasanii wengi wanapoumia: faili la wimbo linabeba noti na mipangilio, halibebi plagini yenyewe. DLL ikifutwa, ala inanyamaza. Ukiwa na plagini ya magendo, antivirusi inaweza kuifuta yenyewe bila hata kukuuliza.

Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kabla mkongo wa Seacom haujafika nchini Julai 2009, intaneti ilitegemea setilaiti, bei yake usiulize. DLL iliyokosekana ilipanda basi, ikapita Kitonga ikiwa ndani ya CD au fleshi ya mtu, mara nyingine na virusi wake.

Linux ilikuwa na dawa. Debian tangu 1999 ina apt, inayokuonyesha kabisa kitu gani kitaondoka na kingine kabla hujafuta. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004. Ila apt kwa kawaida inataka intaneti ya kuvuta vipande, na FL Studio enzi hizo ilikuwa ya Windows. Prodyuza wa Mwanjelwa angefanyaje?

Alichoweza ni kutoa kila ala peke yake kama WAV kabla fundi hajagusa mashine, maana WAV haihitaji plagini. Waliofanya hivyo bado wana nyimbo zao za zamani, tayari kufanyiwa miksi upya. Wengine walichagua kutogusa kitu. Ukiingia baadhi ya studio unaweza kukuta pembeni kompyuta kuukuu yenye XP, ile ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Haina intaneti, na hakuna anayeruhusiwa kuipiga Windows. Plagini za biti 32 humo ndani bado zinalia.