Mlimani: Chuo Kilichowafunza Vijana Kujenga Hoja

Tarehe 22 Oktoba mwaka 1966, karibu wanafunzi 400 waliandamana hadi Ikulu mjini Dar es Salaam. Wengi wao walitoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na baadhi walikuwa wamevaa majoho ya chuo. Walipinga utaratibu mpya uliowataka wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakifanya kazi huku mishahara yao ikikatwa. Bango mojawapo lilidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni.

Rais Julius Nyerere alisikiliza risala yao, kisha akajibu kwa hasira. Wanafunzi walikuwa wamelalamikia fedha, naye akawajibu kwa fedha: alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine serikalini ikafuata. Waandamanaji walirudishwa makwao. Miezi mitatu baadaye, nchi ikapata Azimio la Arusha.

Tarehe 5 Machi mwaka 1978, wanafunzi wa chuo hicho hicho waliandamana tena. Safari hii hawakudai chao. Walipinga nyongeza ya malipo na marupurupu ya mawaziri na wabunge, wakisema inakwenda kinyume na siasa ya nchi yenyewe. Mamia yao walifukuzwa.

Adhabu ilifanana, lakini hoja zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Wa mwaka 1966 walitetea mifuko yao. Wa mwaka 1978 walishika msingi ambao mtawala mwenyewe aliutangaza, wakamtaka aufuate. Namna vijana walivyotoka kwenye lalamiko la kwanza hadi kwenye hoja ya pili ni moja ya sura muhimu katika historia ya elimu ya juu Afrika Mashariki.

Mwanzo mdogo

Chuo hicho kilifunguliwa Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Shahada zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka uliofuata kikahamia kwenye kilima kilicho magharibi mwa jiji, ambako mpaka leo watu hukiita kwa jina moja tu, Mlimani. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili.

Kuanza na sheria kulikuwa na maana yake. Mwanafunzi wa sheria hutakiwa kuutetea upande mmoja, kisha aueleze upande wa pili kwa nguvu ile ile. Hujifunza kwamba kauli isiyo na ushahidi ni maneno matupu. Lakini ujuzi huo ulihitaji kitu cha kuhojiwa, na kitu hicho kililetwa na mwaka 1967.

Machi mwaka huo, Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake alitaka shule ziwajengee vijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyabadili yale yasiyowafaa. Mwezi huo huo, mkutano ulifanyika chuoni kujadili wajibu wa chuo katika nchi ya kijamaa. Kwa hiyo kuhoji hakukuingia Mlimani kwa mlango wa nyuma. Kulialikwa na kiongozi wa nchi mwenyewe, aliyekuwa pia Mkuu wa Chuo.

Hoja kwa hoja

Novemba mwaka 1967, wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni, ambaye mwaka 1986 alikuja kuwa rais wa nchi yake. Wanachama walikutana siku za Jumapili kusoma vitabu ambavyo havikuwemo kwenye mitaala, na kila aliyesoma alitakiwa kuwaeleza wenzake alichokielewa na kujibu maswali yao. Wageni kama Stokely Carmichael wa Marekani na C.L.R. James wa Trinidad walifika kuzungumza, na kumbi zikajaa.

Katikati ya harakati hizo alikuwepo mwanahistoria wa Guyana, Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam kwa muda mfupi kuanzia mwaka 1966, kisha akarejea mwaka 1969 na kubaki hadi 1974. Kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972, kiliandikwa katika mazingira ya mijadala hiyo.

Rodney mwenyewe alionja ukali wa kuhojiwa. Desemba mwaka 1969, baada ya kuwasilisha mada kwenye semina ya vijana, gazeti la The Nationalist, lililohaririwa wakati huo na Benjamin Mkapa, lilimshambulia katika tahariri. Lilimtuhumu kuhubiri mapinduzi dhidi ya serikali za Afrika akiwa mgeni wa nchi. Rodney aliliandikia gazeti, akafafanua msimamo wake na kukiri wajibu wake kama mgeni. Gazeti likaichapisha barua yake. Msomaji wa kawaida akaweza kuzipima pande mbili na kuamua mwenyewe.

Mwaka 1970 Rodney alikwenda Makerere kupambana kwa hoja na mwana wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui. Wawili hao hawakukubaliana kuhusu ujamaa wala kuhusu chanzo cha matatizo ya Afrika. Hata hivyo, waliohudhuria waliona jambo ambalo vitabu peke yake havifundishi: kwamba mtu anaweza kupingwa mbele ya umati bila kudharauliwa.

Cheche na amri

Novemba mwaka 1969, wanafunzi walianzisha jarida lililoitwa Cheche. Miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa waziri wa fedha wa Tanzania. Lilikuwa jarida la wanafunzi lisilo na mapambo, lakini uzito wake ulikuwa katika yaliyoandikwa.

Toleo maalumu la Septemba mwaka 1970 lilibeba andiko refu la Issa Shivji, kijana aliyekuwa amemaliza masomo ya sheria. Shivji aliuliza swali zito: baada ya mabenki na makampuni makubwa kutaifishwa, ni nani hasa aliyashika? Alipitia ubia, hisa na mikataba ya uendeshaji, akahitimisha kwamba makampuni ya kigeni bado yalikuwa na mkono mrefu, na kwamba tabaka jipya la watendaji wa serikali lilikuwa likijijenga. Rodney, John Saul na Tamás Szentes, ambao wote walifundisha Mlimani, waliandika kumuunga mkono pale walipokubaliana naye na kumkosoa pale walipoona amepungukiwa. Hawakumpongeza tu kwa sababu ni mwenzao.

Serikali haikuandika jibu. Novemba mwaka 1970, Cheche lilipigwa marufuku pamoja na USARF. Ilielezwa kwamba jina hilo lilifanana na la gazeti la Lenin, na kwamba Tanzania ilikuwa na itikadi yake, haihitaji ya kuazima. Mwaka uliofuata, jarida jingine, MajiMaji, lilitoka chini ya Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni na kuendeleza mjadala.

Mwongozo mikononi mwa wengi

Mijadala ya Mlimani ilikuwa na kasoro moja kubwa. Cheche lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini makala zake ziliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima na mfanyakazi walizungumziwa kila ukurasa, ila wao wenyewe hawakuweza kujibu.

Hali ilibadilika Februari mwaka 1971, TANU ilipotoa Mwongozo wake. Waraka huo, uliowafikia watu kwa Kiswahili, uliwakataza viongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu na uonevu. Viwandani, wafanyakazi walianza kuwanukulia mameneja wao kifungu cha 15. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo alikuwa sasa na msingi, ushahidi na hitimisho.

Julai mwaka huo, rais wa umoja wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alitumia roho ya waraka huo huo kuukosoa uongozi wa chuo katika barua kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa. Akivaga alikamatwa na askari wenye silaha na kurudishwa Kenya. Wenzake waligomea masomo.

Ndiyo maana maandamano ya mwaka 1978 hayakuzuka ghafla. Yalikuwa zao la zaidi ya miaka kumi ya kusoma, kupingana na kuadhibiwa. Vijana walikuwa wamejifunza kwamba hoja inayomgusa msikilizaji haianzi na kile anachokitaka msemaji. Huanzia kwenye kile ambacho msikilizaji mwenyewe amekwisha kukikubali.

Kilichobaki

Rodney aliuawa kwa bomu mjini Georgetown, Guyana, tarehe 13 Juni mwaka 1980. Mwaka 1982, mjadala mwingine mkubwa wa Mlimani, kuhusu tabaka, dola na ubeberu, ulikusanywa kuwa kitabu chini ya uhariri wa Yash Tandon. Mwaka 2008, Shivji, ambaye andiko lake lilitangulia kidogo tu kufungwa kwa jarida, aliteuliwa kushika kigoda cha kitaaluma cha Mwalimu Nyerere katika chuo hicho hicho.

Historia hii ina funzo kwa kila mwanafunzi, awe Dar es Salaam, Muscat, London au Minneapolis. Uwezo wa kufikiri kwa makini haupatikani kwa kuhudhuria mihadhara peke yake. Hupatikana pale mtu anapolazimika kutetea anachokiamini mbele ya mwenye uhuru wa kumpinga. Serikali ya Nyerere ililijua hilo kiasi cha kuliandika, na mara nyingine ilishindwa kulivumilia lilipoigeukia yenyewe. Marufuku ya Novemba 1970 ililifunga jarida. Swali la Shivji, la nani hasa ameshika mali ya umma, halikupata jibu katika amri hiyo, na wasomi wameendelea kuliuliza.