Watoto wa Mtunya na Watoto wa Vienna

Ugogo, ambako leo kuna Mvumi na Buigiri za wilaya ya Chamwino, kulikuwa na njaa iliyopewa jina lake yenyewe: Mtunya, yaani kunyang'anyana. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliingia Dodoma Julai 1916 yakiwafukuza Wajerumani, na kila upande ulichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokatika, vihenge vilikuwa vitupu. Kati ya 1917 na 1920 inakadiriwa watu 30,000 walikufa, katika Wagogo wapatao 150,000.

Baadhi ya wazazi waliwaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula. Rehani tumeizoea kwa shamba au nyumba. Hapa aliyekabidhiwa alikuwa mtoto, ili yeye ale na waliobaki nyumbani wapate debe la nafaka.

Vita hiyohiyo iliwaachia njaa watoto wa Vienna. Mwaka 1919 Siegfried Bernfeld alifungua huko makao ya yatima wa Kiyahudi, akijaribu kuwalea kwa mawazo ya saikoanalisia, yaani uchambuzi wa nafsi, ya Sigmund Freud. Mwaka huohuo, Budapest, Melanie Klein alisoma mada yake ya kwanza kuhusu akili ya mtoto mdogo. Anna Freud, binti wa Sigmund, alijifunza mengi kwa Bernfeld. Ndivyo saikoanalisia ya watoto ilivyoanza kukua, katikati ya njaa na uyatima wa Ulaya.

Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta Anna akiwa London. Yeye na Dorothy Burlingham waliwatunza watoto waliohamishwa kwa sababu ya mabomu, wakaona kwamba wengi waliumizwa zaidi na kutenganishwa na mama kuliko na mabomu yenyewe. Mwaka 1951 John Bowlby akaandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani: mtoto anahitaji mlezi wake kama anavyohitaji chakula.

Mwanasaikolojia aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, Mary Ainsworth, alifika Kampala mwaka 1954. Alizitembelea familia 26 za Waganda, akakaa sebuleni na kina mama, mkalimani pembeni. Alikuwa amesikia desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi anapoachishwa ziwa, ili alisahau, akataka kuona utengano huo unamfanya nini. Akakuta wengi wameshaiacha. Basi akatazama yaliyokuwepo: mtoto anatambaa kwenda kuchunguza chungu au mgeni, anageuka kumtazama mama, anarudi, kisha anaondoka tena. Kwa Ainsworth, mwendo huo mdogo ulikuwa ushahidi mkubwa: mama ni kituo ambapo ujasiri wa mtoto huanzia.

Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Mtoto wa Kigogo aliyewekwa rehani mwaka 1918 akiwa na miaka 4, kama alinusurika Mtunya, alikuwa sasa na miaka 53, umri wa kubeba wajukuu mgongoni.