Ajali Haina Kinga?

Mwezi Februari mwaka 2024 Kenya ilipoteza wakimbiaji wawili wakubwa ndani ya siku nne. Tarehe 11, yapata saa tano za usiku, Kelvin Kiptum alikuwa akiendesha gari lake huko Kaptagat, karibu na Eldoret. Gari likaacha njia, likaingia mtaroni, likagonga mti. Kiptum akafa papo hapo, yeye pamoja na kocha wake, Mnyarwanda Gervais Hakizimana. Abiria wao mwanamke akajeruhiwa. Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24. Miezi minne tu kabla ya hapo, tarehe 8 Oktoba 2023, alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35. Hakuna mwanadamu aliyekuwa amewahi kufikisha rekodi ya dunia mahali pale. Kisha tarehe 15 ya Februari hiyohiyo, Henry Rono akafariki jijini Nairobi akiwa na miaka 72.

Sisi wa Tarime, habari za Kenya hutufikia upesi kuliko za Dodoma. Sirari ni pale tu, na ukivuka umo Isebania. Kijiweni siku zile nilisikia kauli mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mtu mzima: "Ajali haina kinga, bwana." Ya pili ilisemwa chinichini, na kijana wa rika langu: "Lazima jamaa alikuwa ameutwika."

Ndugu msomaji, nimekaa na kauli hizo mbili kwa muda mrefu, na sasa naona zote mbili zina kasoro. Ya kwanza inafuta kila sababu. Ya pili inatunga sababu bila shahidi. Kuhusu Kiptum, polisi walieleza kwamba gari lilimshinda. Hakuna aliyeonyesha kwamba alikunywa. Basi tusimbebeshe marehemu chupa ambayo hatukuiona mkononi mwake. Lakini wapo wanamichezo vijana ambao pombe tunaijua kwa hakika, na huko ndiko ninakotaka tuende pamoja, tuone kama kweli ajali zote hazina kinga.

Tuanze mbali kidogo. Steve Prefontaine alizaliwa mwaka 1951 katika mji wa Coos Bay, jimbo la Oregon, Marekani. Mtoto wa fundi seremala. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 alishika nafasi ya nne katika mita 5,000 akiwa bado mwanafunzi wa chuo. Alikimbia kwa kiburi, akitoka mbele tangu mwanzo, na watu wa mji wa Eugene walijaza uwanja kumwona yeye tu. Usiku wa tarehe 29 Mei 1975 alishinda mita 5,000 katika uwanja huohuo wa nyumbani. Baada ya hapo ikawa sherehe, na kwenye sherehe bia. Usiku wa manane ulipopita alimpeleka mwenzake Frank Shorter, bingwa wa marathoni ya Munich, mahali alipofikia. Akamshusha, akaondoka peke yake. Dakika chache baadaye gari lake dogo la wazi likagonga mwamba kando ya barabara, likapinduka na kumlalia.

Polisi walitangaza kwamba kipimo cha damu yake kilionyesha asilimia 0.16 ya kilevi. Ili tuelewe, tuulete kwetu. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu kwa dereva wa kawaida, na dereva wa gari la abiria haruhusiwi hata kidogo. Damu ya Prefontaine ilikuwa na miligramu 160. Mara mbili ya kikomo chetu. Naye pia alikuwa na miaka 24.

Hebu angalia tena saa zile chache. Palikuwa na sherehe yenye watu wengi, wote wanampenda. Palikuwa na ufunguo wa gari mfukoni mwake. Je, walikosekana watu wa kuuomba ufunguo ule? Hapo ndipo methali yetu inapoanza kuyumba.

Sasa turudi Afrika Mashariki. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alikwenda Japani akiwa bado mvulana, akasoma na kukimbia huko. Mwaka 2008 jijini Beijing, kwenye joto lililowafanya wengine wapunguze mwendo, yeye aliongeza. Akawa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2:06:32, akiwa na miaka 21. Mwaka 2009 akashinda London na Chicago, na mwaka 2010 akashinda Chicago tena. Mara mbili alitwaa zawadi ya dola 500,000 iliyokuwa ikitolewa wakati ule kwa bingwa wa mfululizo wa marathoni kubwa za dunia. Fikiria kijana wa miaka 23 anarudi mji mdogo na fedha za namna hiyo. Marafiki huota kama uyoga baada ya mvua. Matatizo yake ya pombe yalijulikana, na waliokuwa karibu naye wameyaeleza hadharani. Januari 2011 gari lake lilipinduka, akatoka na majeraha madogo. Tarehe 15 Mei mwaka huohuo akaanguka kutoka ghorofani nyumbani kwake, akafa. Miaka 24.

Sisemi kwamba gari la Januari lilipinduliwa na pombe. Wakati ule ilielezwa kwamba alikuwa akilikwepa lori. Ninachosema ni kwamba kati ya Januari na Mei kulikuwa na miezi minne, na mtu aliyenusurika barabarani ni mtu aliyepewa muda. Muda huo watu wake waliutumiaje? Swali hili silimtupii mjane wala mama mzazi. Nalitupa kwetu sisi washangiliaji, ambao tukimwona bingwa baa hatumuulizi kesho ana mazoezi saa ngapi. Tunaita mhudumu.

Ushangiliaji huu una historia, tena hapa kwetu una historia ya kinyume. Jina la Marwa, ambalo hukosi kulikuta katika darasa lolote la Tarime au Mugumu, lina uhusiano na neno la Kikurya la pombe. Kwa hiyo mtu asije akasema Wakurya hatuijui pombe. Tunaijua sana. Lakini pombe ya ulezi ya wazee wetu ilikuwa na utaratibu. Chungu kimoja katikati, wazee wamekaa kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kijana hakuketi pale kama mnywaji. Alitumwa maji, alisikiliza, alingoja umri wake. Na mzee aliyezidiwa alikwenda nyumbani kwa miguu, wajukuu wakimshika mkono. Akianguka, aliangukia majani.

Baadaye mambo matatu yalifika bila kufuatana na wale wazee. Ilifika chupa, ambayo mtu hunywa peke yake bila kuulizwa umri wa rika lake. Zilifika fedha mikononi mwa vijana, kwanza kwa ng'ombe na mshahara wa jeshi, kisha kwa dhahabu ya Nyamongo. Na ikafika pikipiki. Chungu cha wazee hakikuwa na usukani. Sisi tumebaki na ulevi tukaacha utaratibu, halafu tukaongeza mwendo.

Nitatoa mfano mmoja, nao hauna jina. Nilisoma sekondari na kijana aliyecheza winga ya kulia. Jamani, alikuwa na mbio! Alikuwa ameanza kulipwa na timu moja, fedha kidogo lakini ya kweli, na alikuwa amekwishaitwa kujaribiwa mjini. Siku moja alifunga mabao mawili katika fainali ya kugombea ng'ombe dume. Kila mtu akamnunulia bia. Usiku akapanda pikipiki kwenda kwao, amempakia mdogo wake wa miaka kumi na sita. Waligonga trekta lililoegeshwa bila taa. Mdogo wake alifariki. Yeye alivunjika paja, na mguu ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Walionunua bia walikuja msibani wakasema ajali haina kinga. Trekta lile halikuwa na taa, ni kweli. Lakini mbona waliopita mahali pale kabla yake wakiwa hawajanywa waliliona?

Leo anauza vocha na kutengeneza simu. Hakunywi tena, na hakuna anayemnunulia. Mama yake hupika chakula, huwapakulia wawili, yeye na baba yake, halafu hukaa akiangalia sufuria. Hiyo ndiyo sehemu ambayo magazeti ya michezo hayana ukurasa wake.

Sasa nirudi kwa Henry Rono, mzee aliyefariki siku nne baada ya Kiptum. Mwaka 1978, katika siku 81 tu, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Lakini hakukimbia Olimpiki hata mara moja. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Montreal kama Tanzania ilivyosusia, kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na makaburu. Mwaka 1980 Kenya ilisusia Moscow pia. Tanzania ilikwenda, na mwana wa Majita, hapa hapa Mara, Suleiman Nyambui, akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000. Nyambui na Rono walikuwa wapinzani katika mbio za vyuo vya Marekani. Huyu alipata jukwaa, yule akabaki na rekodi na chupa.

Rono mwenyewe ameyaeleza maisha yake ya ulevi katika kitabu chake. Mwaka 1981 huko Knarvik, Norwe, alikunywa usiku, asubuhi akakimbia ili pombe itoke kwa jasho, na baadaye siku hiyo akavunja tena rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 13:06.20. Kisa hiki vijana hukipenda mno. Hukisimulia kama ushahidi kwamba mwenye kipaji hashindwi na chupa. Lakini msimuliaji huishia hapo. Haendelei kusema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa rekodi ya mwisho ya Rono. Hasemi kuhusu miaka mingi ya kuhangaika Marekani, wala kazi ya kubeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Albuquerque. Hasemi pia jambo lililo kubwa kuliko yote, kwamba Rono aliiacha pombe, akafundisha vijana kukimbia, na akarudi Kenya mwaka 2019 akiwa mzee. Aliishi miaka 48 zaidi ya Prefontaine na Wanjiru. Kama ulevi ungekuwa ni kudra tu, asingeweza kuuacha.

Hapa nawageukia wenzangu tunaoota kuandika riwaya. Tuna tamaa moja mbaya. Tunapenda shujaa afe kijana, usiku, kwa kasi, chupa bado inaviringika barabarani. Ni mwisho mtamu kwa mwandishi mvivu. Mimi mwenyewe nimesoma miswada ya namna hiyo humu mwetu, na najua inavyopigiwa makofi. Lakini historia haikomi pale gari linaposimama. Kuna kocha aliyekuwa kiti cha pembeni. Kuna mdogo mtu aliyepakiwa nyuma. Kuna mama na sufuria. Tukiyaacha hayo, tunafanya kazi ileile ya walionunua bia.

Zipo ajali ambazo methali inazisema kweli. Agosti 2019 David Rudisha, mzaliwa wa Kilgoris, si mbali na mpaka wetu, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mara mbili, aligongana na basi karibu na Keroka baada ya tairi la gari lake kupasuka. Akatoka hai. Tairi likipasuka, kweli utasema ajali haina kinga, ingawa hata tairi hukaguliwa. Lakini mtu aliyelewa na kushika usukani, hilo si tairi. Lilianza mezani saa tatu kabla, mbele ya mashahidi, na kila shahidi alikuwa na nafasi ya kusema neno.

Basi msimu huu wa mashindano ukifika, Tarime, Mugumu, Nyamongo na kwingineko, ng'ombe ashindaniwe na achinjwe. Mfungaji abebwe juu mpaka achoke. Anayetaka kumtunza amtunze fedha akalipie viatu na nauli ya kwenda kujaribiwa. Na kama atakunywa, maana ni mtu mzima na hatutamfunga kamba, mmoja wetu asinywe usiku huo. Huyo ndiye akae na ufunguo, tena bila kuona haya kuitwa mshamba. Kuitwa mshamba hakujaua mtu.