Kibandiko cha Uongo Kabatini

Ndugu wenzangu, wale waliopita katika darasa la historia miaka ya tisini watalikumbuka kabati la vioo lililokuwa nyuma ya darasa. Ndani yake kulikuwa na chombo kidogo cha mbao, urefu wake kama dhiraa moja, na kibandiko kilichoandikwa "Mtepe". Chombo kile nilikiunda mimi nikiwa kidato cha tatu. Kamati ya jarida letu imeniomba niandike juu ya kazi yangu ya mapumziko, nayo ni kuunda vyombo vidogo vya tanga. Siwezi kuanza kabla ya kukiri kwamba kibandiko kile ni cha uongo.

Siku ya wazazi, mzee mmoja fundi wa majahazi alisimama mbele ya kabati kwa muda mrefu. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, misumari hii ulipewa na nani?" Nikajibu kwa fahari kuwa nimeinunua kwa fundi viatu. Akacheka. "Basi hili ni jahazi. Mtepe haujui msumari." Mwalimu alikwisha nipa alama nzuri, nami nikanyamaza.

Mzee alisema kweli. Mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu na mwambao wake, ulishonwa. Mbao zilitobolewa kandokando, zikafungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa kwa vigingi vya mti. Tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne, na mlingoti wake ulisimama wima. Jahazi tulijualo sisi lina tanga la pembe tatu na mlingoti ulioinamia omo. Ushonaji huo ni wa kale sana. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na mji wa Rhapta ulipata jina lake kwa sababu ya vyombo hivyo. Wareno waliofika Msumbiji mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama nao waliandika habari za vyombo visivyo na misumari na matanga ya mkeka.

Watu wengine hudhani babu zetu walishona kwa kukosa akili ya chuma. Mimi sikubali. Chuma kilikuwa ghali na maji ya chumvi hukila, lakini minazi ilikuwa tele. Tena chombo kilichoshonwa hulegea kidogo kikigusa mchanga au mwamba, wala hakipasuki upesi. Ila kilivuja, hilo lazima tuseme, na mabaharia walikesha na upo mkononi wakifua maji. Hivyo ndivyo boriti za Lamu zilivyosafirishwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ilianza kutoweka, na leo hakuna hata mmoja wa zamani uliosalia mzima. Kilichobaki ni picha, maandishi ya watu kama Mwingereza James Hornell, na vyombo vidogo vya mfano, kama ule wa Makumbusho ya Lamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliundwa upya mtepe wa ukubwa kamili na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar. Jengo hilo nalo likaporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Ndiyo maana kibandiko cha uongo kinaniuma. Mwanafunzi asiyepata kuona mtepe atauamini ule wangu.

Miaka mitatu iliyopita nilianza upya, baada ya saa za ofisi, barazani. Sentimita 4 kwangu ni mita 1. Kamba ya makumbi ni nene mno kwa kipimo hicho, kwa hiyo natumia uzi wa katani uliopakwa nta. Mbao za mwembe zilinipasukia kila nilipotoboa karibu na ukingo, hata nikajifunza kuzilowesha usiku kucha. (Mama watoto alidai beseni lake, nikanunua jingine.) Kosa kubwa zaidi lilikuwa la mpango. Nilisimamisha mataruma kwanza, nikakuta mkono hauingii ndani kuvuta uzi. Nikabomoa. Katika chombo cha kushonwa mbao hutangulia na mataruma hufuata. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo vitabuni, lakini sikulielewa mpaka siku ile.

Ahmed Youssef Moustafa wa Misri alipitia njia kama hiyo kwa kazi kubwa zaidi. Mwaka 1954 ilipogunduliwa mashua ya Farao Khufu karibu na piramidi, ilikuwa vipande 1,224, navyo vilikuwa vimeungwa kwa kamba. Alijifunza kwa waunda mashua wa Nile na kuunda mifano midogo kabla ya kuisimamisha yenyewe, yenye urefu wa zaidi ya mita 40.

Mtepe wangu sasa umebakiza tanga. Mama mmoja msuka mikeka ameahidi kunisukia ukili mwembamba kabla ya mkutano wetu. Nitakuja nao. Nawaomba wenzangu wa kamati wanipatie ufunguo wa kabati lile, kama bado lipo, nibandue kibandiko nikiandike "Jahazi".