Mnada wa Saa za Kompyuta

Katika miaka ya 1960, wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waligombea saa za kompyuta moja aina ya PDP-1. Mashine ya aina hiyo iliuzwa kwa takriban dola 120,000, kwa hiyo kununua ya pili ili kupunguza foleni halikuwa jambo jepesi. Ilibidi iamuliwe kazi ya nani itangulie.

Njia iliyozoeleka ilikuwa kumpa kila mtu mgao wa saa kwa mwezi. Lakini mgao wa mwezi huzaa msimu wake: siku fulani mashine hukaa bure, siku nyingine watu husongamana kabla saa zao hazijapotea.

Ivan Sutherland, ambaye mwaka 1963 alikuwa ametengeneza Sketchpad, programu ya kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta, alieleza utaratibu wa Harvard katika makala fupi ya Juni 1968. Kila mtumiaji alipewa kiasi cha fedha ya kubuni iliyoitwa yen, kikubwa au kidogo kulingana na uzito wa mradi wake. Aliyetaka saa fulani aliweka dau kwenye ratiba, na mwenye haja kubwa zaidi aliweza kumpiku kwa dau la juu. Saa zilizogombewa zikapanda bei. Zilizokimbiwa zikawa rahisi.

Uzuri wa mpango huu, kwa maoni yangu, uko katika kanuni moja. Saa ya mtu ikishapita, yen zake zilimrudia. Hakufilisika kwa kufanya kazi, wala hakutajirika kwa kukaa bure. Uzito wa mradi uliamuliwa nje ya mnada. Mnada ulibaki na kazi ya kupanga nani aingie lini. Ulikuwa soko lisilo na matajiri wapya, na sijaona lililoufikia kwa haki.

Mwaka 1992 watafiti wa Xerox huko Palo Alto walichapisha habari za Spawn, mfumo ambao programu zenyewe, si watu, zilinunua muda wa kompyuta zilizoachwa bila kazi kwenye mtandao wa ofisi. Madau yalikuwa ya siri, na mshindi alilipa kiasi cha dau la pili kwa ukubwa, si lake mwenyewe.

Fedha halisi iliingia kwa kishindo Desemba 2009, Amazon ilipoanza kunadi uwezo wa ziada wa seva zake. Bei ya soko ikilizidi dau la mteja, mashine ilichukuliwa hata kama kazi haijaisha. Aliyekuwa na dola nyingi alitangulia, awe anatafuta dawa au anapanga matangazo. Mwishoni mwa 2017 kampuni hiyo ililegeza ushindani huo: mteja hakulazimika tena kuweka dau, na bei ikaanza kusogea polepole, ikipangwa na Amazon yenyewe kwa kutazama mwenendo wa muda mrefu wa mahitaji na akiba ya mashine.